Pikapu Isiyotii Mguu: Tuulize Kwanza, Tufungue Baadaye

Hotuba hii niliitoa hapa Nakuru mbele ya wenye pikapu, madereva na vijana wanaojifunza ufundi wa magari. Naiweka yote kwa maandishi kwa ajili ya wenzetu ambao siku hiyo walikuwa barabarani na mizigo na hawakuweza kufika.

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama mlioacha biashara zenu asubuhi hii, madereva, na ninyi vijana wa gereji, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya lalamiko ambalo kila fundi wa mji huu analijua. Mtu huleta pikapu yake, Hilux ya zamani, Isuzu KB, Nissan, au Peugeot 504 aliyoachiwa na baba yake, akasema: "Fundi, gari halivuti. Nikikanyaga mafuta linafikiria kwanza, ndipo linaondoka." Mara nyingi fundi hufungua boneti kabla mwenye gari hajamaliza kusema. Plagi zinabadilishwa. Filta zinabadilishwa. Nozo zinapelekwa kupimwa. Fedha zinatoka, gari linarudi nyumbani, na kesho yake asubuhi bado linafikiria kwanza ndipo liondoke. Sasa nawauliza, ndugu zangu: katika shughuli hiyo yote, ni nani aliyemuuliza mwenye gari hata swali moja?

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Uliza kwanza, pima pili, fungua baadaye. Nitalirudia neno hili, kwa sababu nimeona watu wa kipato cha kawaida wakimaliza faida ya msimu mzima kwa kununua vipuri ambavyo gari halikuvihitaji. Tena si suala la fedha tu. Wengi wetu hapa tunapita kwenye milima yenye barabara nyembamba, na tunajua malori yenye trela yanavyopanda pale. Dereva anayetoka nyuma ya trela ili alipite ameweka maisha yake juu ya pedali ile, na ikiwa injini itachelewa kuitika, atajikuta upande usio wake wa barabara huku gari jingine likimjia. Kwa hiyo tusilichukulie lalamiko hili kuwa ni udhaifu wa uzee ambao gari linapaswa kusamehewa.

Basi tuulize nini? Tuulize hivi: halivuti lini? Kuna pikapu inayosita pale tu mguu unapogusa pedali, kisha ikishashika mwendo inakwenda vizuri. Kuna nyingine inayoondoka vizuri, lakini ikipewa mzigo na mlima inaishiwa nguvu polepole. Kuna ya tatu ambayo injini yake inapiga kelele kama kawaida, lakini gari lenyewe haliendi. Wote watatu watakuambia neno moja, kwamba gari halivuti, lakini magonjwa yao hayana undugu.

Kuna mama mmoja anayebeba viazi kutoka Molo ambaye pikapu yake ya dizeli ilikuwa imefunguliwa pampu na kurekebishwa, kwa gharama ambayo sitaitaja mbele ya watu. Alipoeleza shida yake, aliulizwa: "Mama, ukikanyaga mafuta mlimani, sauti ya injini hupanda au hushuka?" Akajibu bila kufikiri: "Hupanda sana, lakini gari halisogei." Jibu lilikuwa hapo. Injini iliyokosa mafuta haipandishi sauti, bali inazama. Injini inayopanda sauti huku gari likibaki pale pale inafanya kazi yake, ila nguvu inapotea njiani kabla ya kufika kwenye magurudumu. Klachi ilikuwa imekwisha na inateleza. Pampu ile haikuwa na kosa lolote.

Klachi hupimwa bila kufungua chochote. Egesha gari mahali tambarare pasipo na mtu mbele, weka mawe kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, ingiza gia ya tatu au ya nne, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi taratibu. Injini inapaswa kuzimika palepale. Ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, klachi inateleza. Fanya hivyo mara moja tu, usirudierudie, maana unaichoma. Na kama klachi ni nzima, baada ya safari sogeza mkono karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, inua upande huo kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Breki inayokamata huifanya injini nzima ionekane kuwa mgonjwa.

Sasa tuingie kwenye magari ambayo kweli injini yenyewe ndiyo inayochelewa. Hapa nawaomba vijana wa gereji wanisikilize kwa makini, kwa kuwa kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Zima injini. Mtu mmoja aketi kwenye kiti cha dereva na akanyage pedali hadi mwisho. Mwingine asimame mbele ya boneti iliyofunguliwa na atazame mkono wa throto, yaani mlango wa kuingizia hewa, kwenye kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, au mkono wa pampu ya mafuta ikiwa ni dizeli. Je, mkono ule umefika hadi kwenye kizuizi chake? Umefika kabisa?

Mara nyingi haufiki. Kebo ya akselereta ya gari la miaka mingi huvutika, na ganda lake la nje hukauka na kupasuka pale linapopita karibu na joto. Pedali inafika sakafuni huku throto ikiwa imefunguka robo tatu tu. Nakumbuka Hilux moja ya dizeli ambayo tatizo lake lilianza wiki ileile mwenyewe alipoishonea zulia jipya, zito na zuri, ambalo lilikunjwa mara mbili chini ya pedali. Kila fundi aliyeitazama alianzia injini, kwa sababu lalamiko lilihusu injini. Hakuna aliyeinama kutazama miguuni. Zulia lilipotolewa, mkono wa pampu ukafika kwenye kizuizi chake, na gari likapanda mlima. Kebo ikiwa imelegea, ikaze kwa nati zake za marekebisho na uache mchezo wa milimita chache tu. Ukiona hata uzi mmoja wa chuma umekatika, usiifunge kwa waya wala kuipaka grisi na kuirudisha. Ibadilishe, kwa sababu kebo iliyochanika inaweza kukwama ikiwa wazi, na gari lisiloachia mafuta ni hatari kuliko gari lisilovuta.

Kebo ikiwa nzima, tuje kwenye kusita kwa mguso wa kwanza. Kwa magari ya petroli yenye kabureta, nina upendo mkubwa na sehemu hii, kwa kuwa ugonjwa wenyewe unaweza kuonekana kwa macho. Unapokanyaga mafuta kwa ghafula, hewa hukimbilia ndani ya injini mara moja, lakini petroli ni nzito na huchelewa kuifuata. Kwa muda mfupi mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na mafuta machache, na injini inakohoa. Waliounda kabureta walilijua jambo hilo, ndiyo maana wakaweka ndani yake pampu ndogo ya akselereta, ambayo kazi yake ni kurusha petroli kidogo ya ziada pale tu mguu unaposhuka.

Ilikuja pikapu ndogo ya Datsun kutoka Njoro, ya kubeba maziwa, iliyokuwa imekaa miezi bila kutumika. Ilikuwa ikisita kila ilipoanza kuondoka, hata dereva alikuwa amejizoesha kuvuta choki kila anapotaka kuingia barabarani. Injini ikazimwa, sigara zote zikazimwa, kifuniko cha filta ya hewa kikatolewa. Ukitazama ndani ya koo la kabureta huku ukisogeza mkono wa throto kwa kidole, unapaswa kuona uzi mwembamba wa petroli ukiruka palepale kutoka kwenye mrija mdogo wa shaba, ulionyooka na wenye nguvu, ukigonga ukuta wa pili. Katika Datsun ile, throto ilikuwa imekwisha kufika nusu ya njia ndipo tone moja likajitokeza kwenye ncha ya mrija, likaning'inia, likadondoka. Kikombe laini cha bastola ya pampu ile kilikuwa kimekauka na kusinyaa. Kipuri kile ni kidogo kuliko ncha ya kidole. Kabla ya hapo, mwenye gari alikuwa ameshauriwa anunue kabureta nzima.

Mrija ukirusha vizuri, nenda kwenye distribyuta, chombo kinachogawa cheche kwa plagi. Kuna kikopo cha duara pembeni yake chenye mpira mwembamba ndani na mrija unaotoka kwenye kabureta au manifoldi. Kazi yake ni kuwahisha cheche wakati injini inapokwenda na mzigo mdogo. Mpira ule ukipasuka, gari linakuwa zito na linakula mafuta zaidi. Chomoa mrija, unyonye kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi. Sahani iliyo ndani ya distribyuta inapaswa kusogea na kubaki pale. Isiposogea, au ikirudi polepole, mpira umetoboka. Ndani yake tena kuna vyuma vidogo vya uzito vinavyofunguka kadiri kasi inavyopanda, na hivyo hushikwa na kutu. Mafundi wengi hupanga taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa makini sana bila kuuliza kama kinachowahisha cheche bado kinafanya kazi.

Usisahau mirija ya vakyumu, yaani inayobeba mvuto wa hewa wa injini. Mpira wa miaka 30 hupasuka upande wa chini usioonekana. Hewa inayoingia kwa wizi hubadilisha mchanganyiko, na dalili zake ni sauti ya kufoka, mzunguko usiotulia gari likiwa limesimama, na kusita unapogusa mafuta. Na kwa pikapu za petroli zilizokuja baadaye, zenye sensa ya kuonyesha throto imefunguka kiasi gani, chukua kipima voti. Nyingi ya sensa hizo huanza karibu nusu voti throto ikiwa imefungwa na kupanda hadi karibu voti 4.5 ikiwa wazi kabisa. Fungua throto polepole sana ukitazama kipimo. Namba inapaswa kupanda bila kuruka. Ikipotea mahali fulani na kurudi, umeipata sehemu iliyolika, na kwa kawaida ni palepale mguu wa dereva unapokaa siku nzima.

Sasa aina ya pili, gari linaloondoka vizuri na kuchoka mlimani. Hapa injini inanyimwa kitu, na tunapaswa kujua ni kipi.

Kulikuwa na Peugeot 504 iliyokuwa ikitoka mjini vizuri, lakini ikipita Salgaa, kwenye barabara ya kupanda mlima, inaanza kulegea, na kabla ya kufika Mau Summit inazimika. Dereva akishuka na kupumzika kando ya barabara, gari linawaka tena na kwenda kwa muda, kisha linarudia. Pampu ya petroli ilibadilishwa, filta ikabadilishwa. Hakuna kilichosaidia. Mwenye gari alipoulizwa swali moja, kama alikuwa amebadilisha kitu chochote kabla shida haijaanza, akasema: hapana, ila mfuniko wa tangi uliibwa, naye akatengeneza mwingine wa kubana kwa raba ya tyubu. Mfuniko ule ulikuwa umebana kweli. Ulibana hata hewa. Tangi linapotoa mafuta linahitaji kuingiza hewa kiasi kilekile, vinginevyo linakuwa kama chupa ya maziwa ambayo mtoto ameinyonya hadi imebonyea na haitoi tena. Kila dereva aliposimama kupumzika, hewa ilikuwa ikipenya polepole. Kipimo chake ni rahisi: gari linapoanza kulegea, egesha mahali salama, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, na gari likarudia nguvu zake, usitafute zaidi.

Kwa wenye dizeli, nawasihi mtazame filta na maji yaliyo chini yake. Fungua kile kizibo cha chini na umwage hadi itoke dizeli safi. Ukishuku kwamba hewa inaingia kwenye njia ya mafuta, weka kwa muda kipande cha mpira wa kuona ndani kati ya filta na pampu, uwashe injini na utazame. Mapovu yakipita, kuna kiungo kinachovuta hewa, na hakuna marekebisho ya pampu yatakayokisaidia. Filta ya hewa nayo, jamani, kwa vumbi letu la kiangazi, haiwezi kungojea ratiba iliyoandikwa na watu wa barabara za lami. Kuhusu mafuta yenyewe, mnakumbuka kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi pampu kama dizeli inavyolainisha. Dizeli ya bei ya chini kupita kiasi, inayouzwa kwenye mitungi kando ya njia, hailipi gharama ya pampu.

Kuna desturi moja ambayo lazima niikemee waziwazi. Gari la dizeli likikosa nguvu, wengine hukimbilia skrubu ya kiasi cha mafuta kwenye pampu na kuikaza. Gari linavuta kidogo, mwenye gari anafurahi, na nyuma linatoa moshi mweusi kama tanuri. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuichoma. Umeongeza chakula kwa mtu ambaye hakuwa na njaa, na joto lile linakula bastola na valvu. Tatizo la kwanza bado lipo, ila sasa limefunikwa. Kabla ya kuigusa skrubu ile, hakikisha kwamba mkanda wa taimingi haujaruka jino. Katika injini za Toyota za 2L, 3L na 5L mkanda huo ndio unaoendesha pampu vilevile, na jino moja tu hubadilisha wakati wa mafuta kuingia, gari likawa zito na likatoa moshi mweupe asubuhi.

Nimefika kwenye jambo linalohusu ardhi yetu wenyewe, na ningependa kila kijana alichukue nyumbani. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu robo ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa, hata kama ni mpya kutoka kiwandani. Mtu aliyenunua pikapu pwani akaileta huku hajadanganywa. Kabureta iliyopangiwa usawa wa bahari inatoa petroli nyingi kupita kiasi kwa hewa ya hapa, plagi zinakuwa nyeusi, na kubadilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwa ndogo zaidi kunasaidia.

Lakini angalieni mtego uliopo. Vitabu vya ufundi vinasema kwamba geji ya vakyumu kwenye injini nzima ya petroli, ikinguruma taratibu gari likiwa limesimama, inapaswa kusoma takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari, na kinashuka karibu inchi moja kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Sisi tuko karibu futi 6,000. Kwa hiyo injini nzima ya Nakuru itasoma kati ya 11 na 15. Je, ni injini ngapi zimehukumiwa kuwa zimekwisha kwa sababu fundi alisoma 14 huku kitabu kikisema 18? Geji hiyohiyo inaweza kukuonyesha ekzosi iliyoziba: shikilia injini kwenye mzunguko wa kati, na ukiona mshale unashuka polepole bila kurudi, moshi hauna njia ya kutokea. Fungua ekzosi karibu na injini kwa jaribio fupi, na ikiwa nguvu inarudi, tafuta kizuizi kwenye sailensa au kwenye kisafishaji cha moshi.

Juu ya injini iliyochoka kweli sitasema mengi. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda throto ikiwa wazi kabisa. Linganisha silinda na silinda badala ya kulinganisha na kitabu, kwa sababu mwinuko unashusha kipimo hicho pia. Iliyo chini kabisa ikiwa haifiki robo tatu ya iliyo juu kabisa, kwa injini ya petroli weka mafuta ya injini kidogo ndani yake na upime tena. Ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, tazama valvu au gasketi. Hapo ndipo mazungumzo ya kufungua injini yanapoanza, na si kabla ya hapo.

Ninyi wenye magari, mkifika kwa fundi, msianze na neno "halivuti". Mwambieni kama linasita mwanzoni au linachoka mlimani. Mwambieni sauti ya injini inapanda au inazama. Mwambieni kama ni asubuhi likiwa baridi au baada ya kupata moto, moshi ni wa rangi gani, na ni kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho, hata kama ni zulia au mfuniko wa tangi. Na fundi akikuuliza maswali mengi kabla ya kushika spana, msimwone kuwa hajui kazi. Kuuliza si ujinga, na maswali yake hamlipii.

Mwenyekiti, geji ya vakyumu, kipima voti na kipande cha mpira wa kuona ndani viko mezani. Nje kuna Hilux ya petroli na Isuzu ya dizeli ambazo wenyewe wamekubali tuzitazame pamoja. Tutaanza na ile ya petroli, na ningeomba kijana mmoja aketi kwenye kiti cha dereva atukanyagie pedali. Asanteni.